Msiipige Nyundo Ilimba

Neno "matarajio" limegeuzwa kuwa tusi. Mtu ananunua kinanda cha MIDI, anakifikisha nyumbani, hakifanyi alichokusudia, anarudi kuuliza, naye anajibiwa: ndugu yangu, ulikuwa na matarajio makubwa mno. Muuzaji anasema hivyo. Fundi wa kompyuta anasema hivyo. Mwalimu wa warsha ya siku tatu, aliyeletwa na mradi, anasema hivyo kwa upole zaidi, akiongeza kwamba lazima "tuelewe mipaka ya kifaa". Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu wanamuziki wanaotumia kompyuta kati ya Bunju na Bagamoyo. Kwa mwaka mzima nimelisikia jibu hilo Kerege, Mapinga, Kiharaka, na katika vyumba vya uani vya Bagamoyo mjini ambako godoro husimamishwa ukutani ili kumeza mwangwi. Nimelichoka. Nataka kuwatetea waliotarajia.

Nianze na anayechekwa kuliko wote: yule aliyechomeka kinanda, akabonyeza, akasubiri sauti. Kila prodyuza niliyekutana naye ana hadithi ya mteja wa namna hiyo na kila mmoja huisimulia akipiga paja. Hakina sauti hicho, mjomba! Kweli, kontrola ya MIDI haina sauti. Inachotuma kwenye waya ni namba tu: kitufe cha 60 kimebonyezwa, kwa nguvu ya 92 kati ya 127, kitufe cha 60 kimeachiwa. Sauti iko ndani ya programu iliyomo kwenye kompyuta, na kama programu haipo, sauti haipo. Lakini huyu anayechekwa kosa lake ni lipi? Alinunua kitu kinachoitwa kinanda. Kiswahili kimeita kinanda gambusi, kikaita kinanda piano na ogani ya kanisani, na wazee wetu wakaita kinanda hata gramafoni. Vitu hivyo havifanani kwa umbo wala kwa utendaji. Vinachoshirikiana ni kwamba ukivishughulisha vinalia. Mtu huyu alisikiliza lugha yake mwenyewe, nayo ikamwahidi jambo ambalo sanduku lilikanusha kwa Kiingereza cha maandishi madogo upande wa chini. Aliyejua ukweli ni muuzaji, naye alikuwa anafunga risiti.

Twende kwa aliyejua. Kijana mmoja wa Mapinga, mchana anachomelea mageti, usiku anatengeneza biti. Alijua kabisa kwamba kontrola haina sauti, alikuwa ametazama video za kutosha. Aliweka akiba miezi mitano, akashuka Kariakoo, akarudi na kontrola ndogo ya vitufe 25. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi yenye namba ya siri ya programu "ya bure". Ili kuipata ilibidi afungue akaunti na kuithibitisha kwa barua pepe. Kisha akaunti nyingine, ya kampuni nyingine. Kisha apakue programu ambayo kazi yake ni kupakua programu nyingine. Kisha sauti zenyewe, zaidi ya gigabaiti kumi. Alinunua bando la usiku, akaiweka laptopu dirishani pale mtandao unaposhika, akalala. Saa tisa umeme ukakatika, na betri ya laptopu iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika haina maisha. Umeme uliporudi, upakuaji ulianza upya kutoka sifuri. Mara ya tatu ulifika mwisho, programu ikafunguka, ikataka kuthibitisha leseni mtandaoni, ikamwambia namba yake imekwisha kutumika.

Nimeandika kwenye daftari langu: siku 11 tangu kufungua sanduku hadi sauti ya kwanza. Na sauti hiyo ya kwanza ilikuwa ya piano kubwa, iliyorekodiwa kwa uangalifu wa hali ya juu katika ukumbi ambao hatauona maisha yake yote.

Hapa nani alikuwa na matarajio makubwa mno? Kijana alitarajia kifaa cha laki tatu kifanye kazi siku aliyokilipia. Watengenezaji walitarajia kwamba ana intaneti isiyokwisha, umeme usiokatika, kadi ya benki, anwani ya barua pepe ambayo bado anakumbuka nywila yake, na Kiingereza cha kusoma mkataba wa kurasa nyingi. Walitarajia pia chumba kikavu. Hilo la mwisho halisemwi sana, lakini yeyote anayeishi karibu na maji kati ya Mbweni na Kaole analijua: upepo wa chumvi haubagui chapa. Baada ya masika mawili vifundo vya kuzungushia vinaanza kukwaruza, na tundu la USB linaota kutu ya kijani. Anayekwenda kulalamika anaulizwa alikuwa anakitunzia wapi. Alikitunzia nyumbani kwake, huko anakoishi.

Kuna na hili la kuchelewa, nalipitia haraka kwa sababu kila mtu analijua kwa mwili. Unagonga kitufe, sauti inakuja baadaye kidogo. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Fungu la sampuli 2,048, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, peke yake linakula kama milisekunde 46. Mtu anayejifunza piano taratibu anaweza kuvumilia. Mtu aliyekulia kwenye mdundiko, ambaye mkono wake umezoea kujibu ngoma ya mwenzake kabla hajafikiri, hawezi. Nimeona mpigaji mzuri sana wa ngoma akiambiwa na mshika kompyuta kwamba "haendi na taimu". Kisanduku cha nje kingepunguza tatizo, na ni laki nyingine mbili.

Hata hivyo, haya yote yanatibika. Bando linaweza kushuka bei, umeme ukatulia, laptopu bora ikapatikana. Kinachonifanya niandike ni jambo ambalo fedha haitalitibu, na ambalo hapa Bagamoyo tayari linakula kitu ambacho hakina akiba.

Msomaji anaweza kujiuliza ilimba ya Wagogo inatafuta nini pwani. Wagogo kwao Dodoma. Lakini katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimsikia Hukwe Zawose akipiga na kuimba, akamwita Dar es Salaam. Zawose akawa msanii wa taifa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, hiki ambacho leo ni TaSUBa, Bagamoyo ikawa makazi yake na ya ukoo wake hadi alipofariki Desemba 2003. Alifundisha, alizaa, alijenga vyombo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 40 ilimba na zeze vimesikika mjini hapa pamoja na ngoma za Wazaramo na Wakwere, na wapo watu wazima waliozaliwa hapa, ambao Dodoma wameipita tu kwa basi, na bado ilimba ni chombo cha nyumbani kwao.

Ilimba ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Nyingine hazipigwi kabisa. Zimewekwa ili kuitikia: ukimpiga mwenzake, naye anatetemeka bila kuguswa. Kwenye matundu ya sanduku hubandikwa utando wa buibui, na huo ndio unaoleta ule mvumo kama wa nyuki. Na mpangilio wa sauti zake haukubahatishwa. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyetumia maisha yake kuandika kuhusu muziki wa Afrika, ameeleza kwamba mfumo wa Wagogo unatoka kwenye haramoniki, yaani zile sauti za juu ambazo uzi mmoja huzibeba juu ya sauti yake ya msingi.

Hesabu yake haihitaji shahada. Chukua msingi unaotikisika mara 100 kwa sekunde. Juu yake zipo 200, 300, 400, na kuendelea hivyo hivyo. Kutoka katika ngazi hiyo chukua 600, 700, 800, 900 na 1,000. Basi, hizo tano ndizo tunazozungumzia. Hakuna aliyeketi mezani akazibuni. Zimo ndani ya uzi wa zeze kabla hujaugusa, na mwenye sikio anazichuma kama mtu achumavyo embe.

Sasa kipe kinanda kazi hiyo hiyo, ukianzia 800. Kinanda kimeikata oktavu katika hatua 12 zinazolingana, na sauti zake zilizo karibu zaidi ni 599, 713, 800, 898 na 1,008. Ya kwanza na ya nne hazina neno, hata mimi hunibidi nitege sikio. Ya tano inaanza kuwasha. Ya pili, 713 mahali pa 700, ni kitu kingine kabisa. Zipige hizo mbili pamoja na zitagongana mara 13 kwa sekunde, mngurumo ambao mtoto wa darasa la kwanza atakuambia kuna kitu hakijakaa sawa. Atakayesema hakijakaa sawa ni kipi, hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Nilikuwepo studio moja, sitaitaja, siku mzee mmoja fundi wa ilimba alipoitwa kuweka "ladha ya asili" kwenye wimbo wa kijana anayechipukia. Prodyuza alikuwa ameshaweka makodi ya kinanda. Mzee akapiga. Prodyuza akakunja uso, akavua spika za masikioni.

"Mzee wangu, chombo kimetoka kwenye tyuni."

"Kimetoka kwenda wapi, mjukuu wangu?"

Vijana wakacheka. Prodyuza, ambaye kwa kweli ni mtu mwenye adabu, akabonyeza kitufe kimoja kwenye kontrola. "Sikiliza hii, babu. Hii ndiyo sahihi."

Mzee alisikiliza, akaomba irudiwe, ikarudiwa.

"Huyu amefundishwa kuimba na nani?" akauliza.

Hakupewa jibu. Alikuwa ameahidiwa elfu hamsini na nauli, na kijana mwenye wimbo alikuwa analipia studio kwa saa. Mzee akatoa mfukoni kinyundo chake kidogo, akaanza kuugonga ulimi mmoja mmoja, akiusukuma nyuma ili ufupike na sauti ipande. Tik, tik, anapiga, anasikiliza kinanda, tik. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipomaliza, ilimba ilikubaliana na kinanda, na zile ndimi za kuitikia zilikuwa kimya. Hazikuwa na wa kumwitikia tena. Jirani zao walikuwa wamehama. Baadaye, wakati wa kuchanganya sauti, prodyuza aliuchuja na ule mvumo wa utando, akidhani ni waya mbovu.

Wimbo ulitoka vizuri, na nimeusikia kwenye bajaji. Juma lililofuata nilimtembelea mzee nyumbani. Binti zake walikuwa wanaimba, yeye akaingiza ilimba, nao wakasita wote kwa pamoja, kama watu waliokanyaga ngazi isiyokuwepo. "Baba, umeifanya nini?" Alitumia alasiri yote kuzirudisha ndimi alikozitoa.

Huyo alijua pa kuzirudisha. Kijana anayeunda ilimba yake ya kwanza mwaka huu anazipanga ndimi huku simu iko mbele yake, na kwenye simu ipo aplikesheni ya tyuna, ambayo huwaka kijani pale tu sindano inapoangukia kwenye moja ya sauti 12. Kwa 700 huwaka nyekundu. Chombo hicho kinazaliwa kikiwa kontrola, na siku wa mwisho mwenye kuijua 700 kwa sikio atakapoondoka, hakutakuwa na wa kuuliza ilimba imefanywa nini.

Hapo ndipo hushushwa hoja ya mipaka ya kifaa. MIDI ndivyo ilivyo, naambiwa, tuikubali. Wanaosema hivyo hawaijui MIDI. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM huko California, sintesaiza ya Kimarekani, Prophet-600 ya Sequential Circuits, iliunganishwa kwa waya na ya Kijapani, Jupiter-6 ya Roland, na zikaelewana. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliosimamia lugha hiyo ya pamoja, walipewa Grammy ya ufundi mwaka 2013, na waliistahili: kabla yao kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Sina kesi nao. Lakini tazama walichokubaliana. Namba ya kitufe. Nguvu ya kidole. Kitufe cha 69 ni kitufe cha 69. Kwamba kilie mitikisiko 440 ni mazoea ambayo programu hujaza yenyewe isipoambiwa vingine. Na inaweza kuambiwa. Mwaka 1992 kiwango cha kubadilisha tyuni ya kila kitufe kiliingizwa rasmi katika MIDI. Mwaka 2018 ikaja MPE, inayoruhusu kila noti kupindishwa peke yake, na mwaka 2020 ikatangazwa MIDI 2.0. Ina maana prodyuza wangu mwenye adabu, anayemwambia mzee apige nyundo, ana mikononi kifaa ambacho kingeweza kupigwa nyundo kwa panya ya kompyuta, bila kelele, na kurudishwa kilipokuwa kwa kubonyeza mara moja. Kati ya vitu viwili vilivyokuwa chumbani siku ile, kile chepesi kupindwa kilikaa wima, na cha chuma ndicho kilichoinama.

Ni kipi kinakosekana? Tazama vinanda vinavyouzwa Uarabuni na Uturuki. Yamaha na Korg wana aina zilizotengenezwa kwa ajili ya soko hilo, zenye njia ya haraka ya kushusha sauti fulani kwa robo toni wakati unapiga, kwa sababu maqamu haitoshi ndani ya vitufe 12. Mpiga ganuni wa Unguja anafanya kazi hiyo hiyo kwa vikono vidogo vya chuma chini ya nyuzi zake. Wahandisi wa Japani hawakuzaliwa wakiijua maqamu. Walikutana na wateja ambao walikishika kinanda, wakakipiga, wakasema hakijui kuimba, na wakakataa kununua. Walikuwa na matarajio makubwa mno, watu hao. Ndiyo maana walipata walichokitaka.

Sisi tumefundishwa kufanya kinyume. Warsha inakuja, inaanza na kujifunza majina ya noti, inamalizika kwa cheti na picha ya pamoja. Nimekaa katika nne za aina hiyo, na katika zote nne neno "tyuni" lilitajwa kama usafi, kitu unachokihakikisha kabla ya kazi, kama kunawa mikono. Hakuna aliyesema kwamba ni uamuzi. Mwaka 2021 mwanamuziki Khyam Allami, mwenye asili ya Iraki, alitoa pamoja na wenzake Leimma na Apotome, zana za bure zinazofunguka ndani ya kivinjari cha intaneti, ambazo mtu anaweza kupanga mfumo wa sauti anaoutaka na kuupiga hapo hapo. Hoja yake imekuwa kwamba programu za muziki hubeba ndani yake muziki wa Ulaya na kuuita hali ya kawaida. Mkufunzi mmoja nilipomtajia hilo alisema vijana wa hapa "hawajafikia kiwango hicho". Mwana wa fundi ilimba hajafikia kiwango cha kusikia 700! Nilimeza mate nikaandika tarehe.

Nitaambiwa habari za singeli. Huwa naambiwa. Tazama wale wa Manzese na Mburahati, hawakuwa na kontrola ya maana wala leseni, walichukua VirtualDJ, programu ya kupigia nyimbo kwenye sherehe, wakakata vipande vya taarabu, wakavikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, dunia ikashtuka. Hawakulalamika! Naipenda singeli na nimechezea singeli kwenye vigodoro hadi alfajiri. Lakini singeli ilitaka kasi na marudio, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo kompyuta inavitoa bure hata ikiwa mbovu. Ilimba inataka kitu ambacho programu hukificha chini ya menyu tatu. Kuifananisha hali moja na nyingine ni kumwambia anayeomba maji kwamba mwenzake alishiba muhogo. Tena kuna ladha fulani siipendi katika kuwasifu vijana wa Kiafrika kwa uvumilivu wa vifaa vibovu; wanaosifu kwa kawaida wana vifaa vizima.

Wengine watanihesabu miongoni mwa walinzi wa makumbusho, wanaotaka ilimba ibaki chini ya mwembe. Zawose mwenyewe hakuwa huko. Alirekodi kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na mwaka 2002 akatoa Assembly pamoja na Michael Brook, mtu wa gitaa na mitambo kutoka Kanada. Nataka ilimba iingie kwenye kompyuta leo jioni. Nataka iingie na 700 yake. Na anayedai sauti hiyo haitauzika nje, akasikilize vikundi vya barbershop vya Marekani, wanaume wanne wanaoimba bila ala: wanaitafuta saba hiyo hiyo ya haramoniki kwa makusudi, na wakiipata wanaacha kupumua ili isiwaponyoke.

Kwa hiyo, muuzaji wa Kariakoo: sema mbele ya mteja, kabla ya kupokea fedha, kwamba hakina sauti, kwamba programu itataka intaneti kiasi gani, na kwamba laptopu yake ya zamani itachelewesha. Dakika mbili. Utapoteza wateja wachache, na wengine watarudi wakiwa si maadui. Enyi wa miradi, leteni kontrola chache na diski moja yenye kila kitu kimeshapakuliwa, ili kijana asinunue bando la kumtajirisha mtu ambaye hamjui. Mwenye studio, usimwambie tena mzee kwamba chombo kimetoka kwenye tyuni. Mwombe akupigie ndimi zake polepole, moja moja, urekodi, upime, uhamishe vitufe vyako viende kwake. Na makodi yako ya kinanda, kama hayakubali kuhama, yatoe kwenye wimbo. Hayajawahi kulipa nauli ya mtu.

Nimefanya hivyo na yule kijana wa Mapinga. Tulitumia Surge XT, sintesaiza ya bure isiyodai akaunti wala namba ya siri, inayosoma mafaili ya tyuni. Tuliandika faili kwa programu ile ile ya kuandikia matini iliyokuja na kompyuta. Mstari wa kwanza jina, wa pili namba 5 kuonyesha idadi ya sauti, kisha 9/8, 5/4, 3/2, 7/4 na 2/1. Tukaipakia. Ile kontrola yake ya vitufe 25, ambayo kwa sauti 12 ina oktavu mbili tu na kila mtu alimwambia ni ndogo, kwa sauti tano imefika karibu oktavu tano. Alipitisha kiganja juu ya vitufe vyote, vyeupe na vyeusi bila kubagua, akapitisha tena. "Sasa hakuna kitufe kibaya," akasema, akaanza kutafuta ngoma ya kuweka chini yake.

Faili lina mistari saba na linaingia kwenye WhatsApp. Ninalo kwenye simu. Mwenye studio yeyote kuanzia Bunju hadi Bagamoyo akilitaka, nitamtumia leo jioni, umeme ukiwepo.